Lango la maji halifunguki kwa kifua

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuketi na ndugu yako wa tumbo moja, mkala meza moja na hata kucheka pamoja, ilhali kila mmoja wenu anajua kwamba kuna neno limelala kati yenu ambalo hakuna anayethubutu kuligusa? Kama hujawahi, mshukuru Mungu wako. Kama umewahi, basi nisikilize nikusimulie habari za siku moja niliyosafiri kwa mashua na dada yangu kaskazini mwa Uingereza. Ilikuwa mashua iendayo mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na siku hiyo malango ya maji yalinifunza jambo ambalo shule zote nilizopitia hazikunifunza.

Kwanza sharti nikwambie neno lenyewe lilikuwa nini, ingawa linaniaibisha.

Dada yangu ni kifungua mimba na mimi ni kitinda mimba. Yeye ndiye aliyenilipia karo ya chuo cha uandishi wa habari kutokana na mshahara wake wa uuguzi huko Bradford, mji ambao ameishi kwa miaka mingi na kujaliwa binti mmoja. Mwezi wa Mei 2020 mama yetu aliaga dunia kwetu Taita. Bila shaka unaikumbuka hali ilivyokuwa wakati ule wa korona. Ndege za abiria kutoka ng'ambo zilikuwa zimesimamishwa tangu Machi, Nairobi ilikuwa imefungwa watu wasitoke wala kuingia, na waombolezaji walioruhusiwa mazishini walikuwa 15 tu. Nilihangaika mpaka nikapata kibali, nikafika, tukamzika Mama mbiombio kana kwamba tunaiba. Jioni yake, nikiwa na uchungu moyoni na udongo ungali viatuni, nilimwandikia dada yangu ujumbe kwa simu: "Mama tumemzika. Wewe endelea kuhesabu pauni zako."

Hakujibu. Angejibu nini? Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimejikwaa ulimi mchana kweupe. Miaka minne ikapita bila mimi na yeye kusikilizana sauti. Pesa za dawa za Baba ziliendelea kuja kila mwezi kama kawaida, lakini zilipitia kwa kaka yetu wa kati. Mimi nilikuwa nimefutwa njiani.

Juni 2024 nilitumwa kikazi mjini Leeds kwa mafunzo ya majuma mawili. Sijui nani alimpasha Dada habari hizo, lakini jioni moja simu yangu ililia na sauti nikaitambua mara moja.

"Ufike Leeds kisha urudi Kenya bila kuniona?" akaniuliza. "Kutoka hapo hadi kwangu ni dakika 20 kwa gari moshi. Njoo Ijumaa."

Nilikwenda. Alinisongea ugali, akanipikia sukuma wiki, akanitandikia kitanda kwa mikono yake mwenyewe. Tulizungumza juu ya baridi, bei ya unga na siasa za nyumbani. Habari za Mama hakuna aliyezitaja. Usiku, nilipokuwa nikienda kulala, akaniambia, "Kesho jirani yangu anatupeleka matembezi kwa mashua. Anahitaji watu wa kumsaidia kufungua malango. Utasukuma."

NYUMBA NDEFU MAJINI

Jirani huyo ni mzee mstaafu aliyefiwa na mkewe. Dada alimsaidia kumuuguza marehemu katika siku zake za mwisho, na tangu hapo mzee amemchukua kama binti yake. Saa mbili asubuhi alitupeleka Silsden, mji mdogo ulioko bondeni kati ya vilima vya malisho ya kondoo, ambako huifunga mashua yake.

Ukiiona kwa mara ya kwanza utadhani ni behewa la gari moshi lililosukumwa majini. Urefu wake ni mita 17, lakini upana ni mita mbili na kidogo tu, kiasi kwamba nilipokuwa ndani sikuweza hata kujinyoosha nikipiga miayo. Hata hivyo ni nyumba kamili. Kuna jiko la gesi, meza, vitanda, choo, na jiko jingine la chuma la kuotea moto wakati wa baridi. Nilimuuliza mzee kwa nini watu wajibane namna hiyo. Akanieleza kwamba katika karne ya 18, wakati mifereji ya katikati mwa Uingereza ilipochimbwa, vyumba vingi vya maji vilijengwa vikiwa vyembamba ili kupunguza gharama na kuokoa maji. Mashua zikalazimika kufuata kipimo cha vyumba hivyo, na mazoea yakabaki.

Mashua hizo zilikuwa malori ya siku zile. Zilibeba makaa ya mawe, mawe ya chokaa na sufu, zikivutwa kwa kamba na farasi aliyetembea ukingoni. Ile njia ya farasi ipo mpaka leo, na siku hiyo tulipitwa humo na watu wenye mbwa, watoto wa baiskeli, na bibi mmoja mwenye mkongojo. Naam, alitupita! Sheria hairuhusu mashua kuzidi maili nne kwa saa, yaani kilomita sita na ushei, kwa sababu mawimbi ya mashua iendayo kasi huumega ukingo wa mfereji.

Mfereji wenyewe unaunganisha Leeds na bandari ya Liverpool, mwendo wa kilomita 204. Ulianza kuchimbwa mwaka 1770 na kukamilika 1816. Hebu piga hesabu: miaka 46! Kijana aliyeushika sururu siku ya kwanza, kama alijaliwa kuuona mwisho wake, aliuona akiwa na mvi kichwani. Baadaye reli na malori yakaichukua kazi yake, na siku hizi wengi wanaousafiria ni watu wa mapumziko kama sisi. Tangu 2012 unatunzwa na shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust, lenye wafanyakazi wa mshahara na wengi wa kujitolea.

Mzee alimvalisha mpwa wangu wa miaka 11 jaketi la kuokolea maisha, akawasha mtambo, tukang'oka. Baada ya nusu saa akaniachia usukani. Usukani wa mashua hiyo ni mkono wa chuma ulioko tezi, ambao mabaharia wa Lamu wangeuita kana. Ukitaka kwenda kushoto unausukuma kulia, na ukitaka kulia unausukuma kushoto. Isitoshe, mashua haikutii papo hapo. Unasukuma, unangoja, unadhani haijasikia, unasukuma tena, kumbe ilikuwa imesikia mara ya kwanza. Kabla sijaujua ujanja huo nilikuwa nimeitia omo kwenye matete, na bata wamenikimbia kwa makelele.

"Mjomba, wewe huendeshi, unalima!" akasema mpwa wangu kwa Kiingereza, isipokuwa lile neno Mjomba, ambalo hulitamka kwa Kiswahili safi kabisa.

Dada alicheka. Nami nikacheka. Lakini macho yetu yalipokutana kila mmoja aliyaondoa upesi, akatazama kondoo.

MADARAJA YANAYOGEUKA

Mfereji ulipochimbwa ulikata mashamba ya watu vipande viwili. Mkulima alihitaji kuvuka na ng'ombe wake, na kujenga daraja refu la mawe kwa kila shamba kungekuwa gharama kubwa. Kwa hiyo katika sehemu hii waliweka madaraja mafupi yaliyolala karibu na maji, ambayo hugeuka upande kama mlango ugeukavyo kwenye bawaba. Mashua haiwezi kupita chini yake. Ni lazima msimame, mtu ashuke, alisukume kando, mashua ipite, kisha alirudishe. Kutoka Silsden hadi Bingley ukimaliza moja mzee anakwambia jingine liko mbele.

Yale ya barabarani yana mitambo. Mpwa wangu alitia ufunguo ndani ya kisanduku, akabonyeza kitufe, taa nyekundu zikawaka, vizuizi vikashuka barabarani na daraja likaanza kugeuka taratibu. Nilihesabu magari saba yaliyosimama, moja likiwa lori. Nilitazamia honi za Nairobi, lakini sikusikia hata moja. Dereva mmoja alizima gari lake akafungua gazeti. Mwingine, ni kweli, alikuwa akipigapiga usukani kwa vidole na kututazama kwa jicho baya, lakini alifanya nini? Ufunguo ule hauchomoki mpaka daraja lirudi mahali pake na vizuizi viinuke. Hata mashua ikisha kupita, huwezi kuondoka na kuwaacha wengine wamekatiwa njia.

Yale ya mashambani husukumwa kwa nguvu za mtu, nayo yalinipa mimi. Nilivuka daraja la kwanza kwa madaha, nikaegemea boriti lake kwa mgongo, nikasukuma mpaka likajibanza upande wangu. Mashua ikapita. Nilipoinua uso nikajikuta nimebaki ng'ambo na kondoo. Dada, aliyekuwa ameshuka kushika kamba, alikuwa upande wa pili kwenye njia ya farasi. Kati yetu palikuwa na maji.

Pale maji si mapana. Tungeweza kurushiana tufaha. Lakini tulisimama hivyo kwa muda, yeye huko na mimi huku, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hatukuondoleana macho.

"Utabaki hapo?" akaniita. "Rudisha daraja, uvuke!"

Nikalirudisha, nikavuka. Hakusema neno, alinikabidhi tu ncha ya kamba.

NGAZI YA BINGLEY

Saa saba mchana tulifika Bingley. Tulikula chapati za Dada na kunywa chai ya tangawizi tukingoja zamu yetu, kwa sababu hapo ndipo penye kazi.

Labda wewe hujaona mfereji ukishuka mlima, kwa hivyo nikueleze. Maji hayakai mteremkoni, yatamwagika. Kwa hiyo wajenzi hutengeneza chumba cha mawe chenye malango mazito mbele na nyuma, ambacho Waingereza huita loki. Mashua huingia chumbani kikiwa kimejaa, malango ya nyuma yanafungwa, kisha maji yanatolewa taratibu kupitia vilango vidogo mpaka mashua ishuke na kulingana na maji ya chini. Hapo malango ya mbele yanafunguliwa nayo inatoka. Ikiwa inapanda, mambo hugeuzwa.

Kwa kawaida loki huwa moja moja. Lakini Bingley kilima ni kikali, kwa hiyo zimejengwa tano zilizoungana, lango la mbele la moja likiwa ndilo la nyuma la inayofuata. Ni ngazi ya maji! Inashuka mita 18, karibu kimo cha jengo la orofa sita, katika mwendo usiofika mita 100. Ilifunguliwa Machi 1774 mbele ya umati wa watu wapatao 30,000, na mashua ya kwanza ilishuka kwa dakika 28. Sisi tulitumia zaidi ya saa nzima.

Mahali hapo mtu hajiendei tu. Kuna wahudumu wanaopanga zamu na kusimamia maji, kwa sababu hesabu ikikosewa chumba cha chini kinaweza kufurika. Kwa anayeshuka, chumba cha juu sharti kiwe kimejaa na vingine vya chini viwe vimetolewa maji, ili yale maji ya chumba cha kwanza yashuke pamoja naye kutoka kimoja hadi kingine. Kwa kuwa loki za mfereji huu ni pana, tuliingizwa pamoja na mashua ya mume na mke wazee, ubavu kwa ubavu. Mashua mbili zikishuka pamoja hutumia maji yale yale ambayo yangetumiwa na moja, na chumba kimoja tu hula zaidi ya lita 200,000.

Mzee na mpwa wangu walibaki mashuani. Mimi na Dada tulibaki juu ukingoni na wahudumu, kila mmoja akiwa na mpini wa chuma uliopinda wa kuzungushia vilango.

"Angalia ile alama nyeupe ukutani," mhudumu alimwambia mzee, ingawa mzee anaijua. "Usirudi nyuma yake." Chini ya malango ya nyuma kuna kizingiti cha mawe kilichofichwa na maji. Maji yakishuka huku tezi ya mashua imekaa juu ya kizingiti hicho, nyuma hubaki juu, mbele huinama, na mashua inaweza kuzama hapo hapo na watu wake. Nilimtazama mpwa wangu akiwa amekaa karibu na usukani, nikauhisi moyo wangu ukidunda.

Tulifungua vilango vya kwanza. Maji yakanguruma kama mto wa masika. Mashua zikaanza kushuka kati ya kuta zenye kuvu na matone, na uso wa mtoto ukawa unateremka mbali nasi kidogo kidogo.

Mimi, msomaji wangu, si mtu wa kungoja. Nilipoona maji ya pande mbili yamekaribiana nikaweka kifua kwenye boriti la lango nikasukuma. Lango halikutikisika. Nikakaza miguu, nikasukuma tena mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Wapi! Ungedhani nasukuma kilima.

Mhudumu alinikaribia akicheka. "Hata ukiwaita ndugu zako wote waje, halitafunguka," akasema. "Bado kuna tofauti ya maji, na tofauti ndogo ya maji ina nguvu kuliko wanaume kumi. Ngoja. Yakilingana, mtoto atalifungua."

Tulingoja. Maji yakalingana. Nikaegemea kidogo tu kwa mgongo, na lango lile zito likaondoka kama pazia.

"Ulikuwa hivyo tangu utotoni," Dada akasema akitabasamu. "Kwako kila kitu ni kusukuma."

Alisema kwa mzaha, lakini mimi neno lile lilinipiga mahali pengine.

MAJI YANAPOLINGANA

Katika chumba cha pili tuliketi sote wawili juu ya boriti tukingoja maji. Nilimeza mate. "Dada," nikasema, "ule ujumbe niliokuandikia siku ya mazishi..."

Hakugeuka. "Ninao," akasema. "Sijaufuta."

Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunieleza, macho yake yakiwa majini. Siku ile alikuwa zamu katika wadi ya wagonjwa wa korona. Aliomba ruhusa, akapewa dakika 20. Aliingia katika chumba cha kuwekea mashuka, akavua barakoa, akaisimamisha simu juu ya rafu, na binamu yetu akamwonyesha mazishi kutoka nyumbani. Aliona jeneza likitolewa nyumbani. Aliona mgongo wangu. Jeneza lilipofika kaburini mtandao ukakatika. Alipiga tena, ukakataa. Dakika zake zikaisha, akavaa barakoa akarudi wadini. Jioni ile alimshika mkono bibi mmoja Mwingereza aliyekuwa akikata roho, kwa sababu watoto wake hawakuruhusiwa kuingia.

"Nilipotoka zamu ndipo nikausoma ujumbe wako," akasema. "Nilikuwa nimejiambia, mimi nimemshika huyu mama wa watu, na huko nyumbani wewe ulimshika Mama. Nikapata nguvu kwa hilo. Kisha nikasoma habari za pauni."

Maji yalikuwa yamelingana. Mhudumu alituita. Tukasukuma lango, tukashuka hadi chumba cha tatu, tukazungusha vilango, tukaketi tena. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka, na si kwa kazi.

Huenda umeshatambua, msomaji, kwamba mpaka hapo nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili. "Sikumshika," nikasema. "Mama alilazwa siku sita. Kila siku Kaka alinipigia akiniambia nije. Nairobi ilikuwa imefungwa, ndiyo, lakini kibali kingepatikana kama nilivyokipata cha mazishi. Kazini walikuwa wakipunguza watu, nikaogopa kwamba nikiondoka sitapata nafasi yangu nikirudi. Nikasema atapona, nitakwenda wiki ijayo. Mama alikufa akiwa ameshikwa mkono na muuguzi. Binti wa watu. Hata jina lake sikuliuliza."

Dada alinigeukia sasa.

"Wewe ulikuwa mbali na njia ilikuwa imefungwa," nikaendelea. "Mimi nilikuwa mwendo wa siku moja tu kwa basi. Hasira yangu haikuwa juu yako. Nilikuwa nimekosa mahali pa kuitua, nikakutwisha wewe. Nisamehe, Dada."

Sitakudanganya kwamba alinikumbatia tukalia kama watu wa sinema. Chumba cha tatu kilitoka maji, tukasukuma lango, na katika chumba cha nne hakusema lolote. Alikaa akitazama maji yakishuka. Mimi nami, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, sikusukuma. Nilingoja.

Katika chumba cha tano, cha mwisho, maji yaliponyamaza, alisimama akaweka mgongo wake kwenye boriti. "Njoo upande huu," akasema. "Tusukume."

Tulisukuma pamoja. Malango yakafunguka, na mbele yetu mfereji ukaonekana umetulia ukielekea mjini. Nikaitazama tena ile ngazi tuliyoshuka, nikashangaa jinsi lilivyo kubwa pale ukilitazama kutoka chini.

NANI ALIANZISHA WIMBO?

Safari ilikuwa haijaisha. Muda mfupi mbele kuna loki nyingine tatu zilizoungana, kisha mbili mahali paitwapo Dowley Gap. Baada ya hizo mfereji huvuka mto Aire juu ya daraja la mawe lenye matao saba, yaani mashua inapita juu na mto unapita chini. Mpwa wangu alichungulia akapiga kelele za furaha. Kisha loki moja ya mwisho, ya 11, tukaingia Saltaire.

Huko kuna kiwanda kikubwa cha sufu kilichofunguliwa 1853 na tajiri Titus Salt, ambaye alijenga mji mzima wa nyumba za mawe kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kiwanda kiliacha kufuma zamani, na siku hizi kina maduka na picha za sanaa. Mwaka 2001 mji huo uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mambo hayo niliyasoma baadaye, kwa maana jioni ile sikuona kiwanda wala mji.

Sikuona kwa sababu tangu Dowley Gap Dada alikuwa ameanza kuniuliza. Mama alivishwa nguo gani? Ile kanga yake ya buluu ilikwenda wapi? Nani alianzisha wimbo? Baba alisimama mwenyewe au alishikwa? Kaburi linatazama upande gani, wa mgomba au wa njia? Je, mvua ilinyesha? Alikuwa ameyahifadhi maswali hayo kwa miaka minne, na mtu pekee aliyeweza kuyajibu alikuwa amejifungia lango kwa sentensi moja. Nilimjibu moja baada ya jingine mpaka mzee alipoifunga mashua na kutuachia chai mezani, akaenda kukaa nje na mtoto. Hajui Kiswahili hata neno, lakini nadhani alielewa.

Saa tatu usiku, jua la kiangazi cha Uingereza likiwa ndiyo kwanza linazama, Dada alifuta macho akasema, "Nimechoka kubeba." Hilo tu.

Safari nzima haikufika kilomita 20. Kwa gari ungeimaliza kwa nusu saa, na laiti tungeenda kwa gari mimi na Dada tungefika tukiwa vile vile tulivyoondoka.

Desemba 2024 alikuja nyumbani pamoja na binti yake. Nilisimama naye kaburini, akapanda ua alilolitaka. Watu wa Pwani husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mwaka uliofuata, 2025, mzee alitutumia habari kwamba ukame umepunguza maji mabwawani na sehemu kubwa ya mfereji ule imefungwa. Malango yapo, mpini upo, mikono ya watu ipo, lakini maji hayapo na hakuna mashua inayopita. Nilipozisoma habari hizo nilimkumbuka Mama. Naye nilidhani yungalipo wiki ijayo.

Basi wewe msomaji unayenisoma Jumapili hii ukiwa na chai yako, huenda nawe una ndugu upande wa pili wa lango. Usilisukume kwa kifua. Kumwambia kwamba ni yeye aliyekosa, kumtuma mjomba akamgombeze, au kumtolea hesabu ya mema uliyomtendea, yote hayo ni kusukuma lango kabla ya maji kulingana. Fungua kwanza kile kilango kidogo. Sema lile lako, lile ambalo hukutaka litoke. Kisha keti, ungoje maji. Lakini usingoje mpaka kiangazi.